Benzi ikipiga magoti asubuhi, usikimbilie kompresa

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Isamilo, hapa Mwanza, alinipigia simu alfajiri. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja: "Kijana wangu, Benzi imepiga magoti tena. Na kompresa niliyofungiwa haijamaliza hata miezi minne."

Gari lake ni S-Class ya W220, toleo lililotoka mwaka 1998 na kuendelea hadi 2005. Hiyo kompresa, yaani pampu ya upepo unaolibeba gari, ilikuwa ya pili. Nikamwomba kitu kimoja: asiliwashe gari mpaka nifike. Gari la upepo likishawashwa linajiinua, na ukishalikuta limesimama sawasawa huwezi tena kujua ni kona ipi iliyolala usiku.

Nilikwenda na futi kamba na chupa ya maji ya sabuni. Sikubeba mashine ya kusoma kompyuta, hiyo huja baadaye. Nikapima kila gurudumu, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Nyuma pande zote mbili zilikuwa sawa. Mbele kushoto ilikuwa chini ya kulia kwa sentimita 7. Kwa vipimo hivyo vinne tu, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Kwenye gari hili hakuna springi ya chuma. Kila kona imebebwa na puto la mpira lililojaa upepo, ambalo limeungana na shokapu kuwa kitu kimoja. Kompresa iko mbele karibu na bampa. Inasukuma upepo hadi kwenye bloku ya valvu, nayo bloku inaugawa kwenda kila kona kwa vipaipu vyembamba vya plastiki. Kuna sensa zinazopima kimo cha gari na kuiambia kompyuta ijaze au ipunguze. Mercedes wanauita mfumo huu AIRMATIC. Range Rover, na baadhi ya Crown Majesta na Celsior, nazo zinatembelea upepo, na ukilielewa gari moja hayo mengine hayatakusumbua sana. Ila kuna S-Class zenye mfumo wa mafuta, ule wa ABC. Huo una ugonjwa wake na dawa yake, na hapa siuzungumzii.

Sasa tuje kwenye kompresa. Kompresa ya gari hili haikutengenezwa kufanya kazi kutwa nzima. Kazi yake ni kusukuma kwa muda mfupi, kisha ipumzike. Puto likipata tundu la kupenya sindano, upepo unatoka polepole, kompyuta inaona kona imeshuka, inaiamsha kompresa. Baada ya dakika chache inaiamsha tena. Unatoka Buhongwa mpaka mjini kompresa haijapoa. Ringi ya pistoni yake inalika, nguvu inapungua, na siku moja inanyamaza kabisa. Mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa, na ni kweli imekufa, lakini aliyeiua bado yupo pale pale mbele kushoto. Ukifunga mpya bila kuziba uvujaji, unaipeleka kwenye kifo kile kile.

Kuna na rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima kompresa. Kompresa ikifanya kazi kupita kiasi, rilei inapata moto mpaka vidole vyake vya ndani vinagandana. Hapo kompresa itanguruma hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na asubuhi unakuta betri imekufa pia. Kila ninapofunga kompresa ninabadilisha na rilei, hata kama ile ya zamani bado inafanya kazi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa, na sioni sababu ya kuihurumia. Na kama gari halinyanyuki kabisa na husikii mlio wowote, angalia kwanza fyuzi ya ampea 40 ya kompresa kabla ya kufungua chochote.

Turudi kwa mzee. Tuliwasha gari likapanda, nikakata usukani hadi mwisho, nikapaka maji ya sabuni kuanzia kwenye nati ya kipaipu juu ya shokapu, nikashuka taratibu hadi pale mpira unapojikunja. Juu kulikuwa kimya. Kwenye mkunjo zikaanza kutokea povu ndogo ndogo, nyeupe, kama za maziwa yanayotaka kuchemka. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika siku nyingi, na mchanga wa barabara za changarawe ukaingia kwenye mkunjo na kuusaga mpira kila gari lilipopita tuta. Usipoona povu gari likiwa juu, lishushe kidogo upake tena, kwa sababu mkunjo huhama na tundu huhama nao.

Kama kona moja pekee inalala, shuku puto la kona hiyo au kipaipu chake. Zikilala mbili za mbele pamoja, au gari zima, nenda kwenye bloku ya valvu. Hapa kwetu kando ya ziwa hewa ina unyevu mwingi. Kompresa ina punje za kukausha upepo, na punje hizo zikichoka maji yanafika kwenye valvu na kuzilia kutu. Nimeshafungua bloku nikakuta unga mweupe ndani, mabaki ya punje zilizosagika. Na kama gari limeinama upande mmoja lakini haliendelei kushuka ukiliacha usiku kucha, huenda hakuna uvujaji wowote. Kuna jamaa wa Usagara aliyeuziwa puto, kumbe kifimbo cha sensa ya kimo kilikuwa kimekatwa na jiwe.

Jambo moja naomba mafundi wenzangu mlisome mara mbili. Msiingie chini ya gari la upepo bila stendi. Jeki peke yake haitoshi, na upepo wenyewe ndiyo kabisa. Nikiwa bado najifunza kazi, nilipenyeza mkono juu ya tairi kushika kipaipu. Kikachomoka, na karibu tani mbili za gari zikashuka kwa pumzi moja. Mkono wangu ulipona kwa sababu mwenzangu alikuwa amesukumia gogo chini ya bodi. Hakuniambia, aliliweka tu.

Na ukishafunga puto jipya, lijaze upepo gari likiwa bado limebebwa. Ukilishusha gari zima juu ya puto tupu, mpira unajikunja vibaya na unaweza kupasuka siku hiyo hiyo.

Mzee aliniuliza kama tung'oe upepo wote tufunge springi za chuma. Wengi wanafanya hivyo, na kwa mtu anayeishi mbali na spea siwezi kumlaumu. Lakini taa ya onyo itabaki ikiwaka hadi ishughulikiwe kitaalamu, na ule utulivu aliolipendea gari lake hataupata tena. Yeye huvuka na kivuko cha Kamanga kila mwezi kwenda kuwaona ndugu zake, na kilichokuwa kinamuumiza zaidi ni bampa kukwaruza kwenye mlango wa kivuko. Tukakubaliana kubaki na upepo.

Aliletewa puto la mtumba, likiwa bei nusu. Nikalishika mbele yake, nikaukunjua mpira kwa vidole gumba viwili. Kwa mbali ulikuwa unang'aa, lakini kwenye mkunjo ulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Akalirudisha dukani mchana huo huo, tukaagiza jipya pamoja na rilei. Kompresa ile ya miezi minne niliipima nikakuta bado ina nguvu, nikaiacha mahali pake.