Akaunti ya yaya na mechi za kwanza za mchezaji mpya

Katika chumba changu cha mazoezi hapa komini ya Katuba, Lubumbashi, ninakofundisha vijana michezo ya mashindano ya mtandaoni, mara nyingi mgeni hufika akiwa na akaunti isiyo yake. Yaya wake, yaani kaka au dada yake mkubwa, ambaye amecheza kwa miaka kadhaa, humwazima ya kwake ili asipitie madaraja ya chini, na wote wawili huona kuwa huo ni msaada. Baada ya siku mbili kijana huniambia kwamba mchezo ni mgumu mno, au kwamba wapinzani wote ni wadanganyifu. Sijaona jambo linalomchelewesha mwanafunzi kuliko hilo, na sababu yake imo katika namna mashine, yaani kompyuta ya mchezo, inavyowapanga watu wa kupambana.

Upangaji huo una asili yake katika sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, alibuni hesabu ambayo shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIDE, liliipokea mwaka 1970. Kila mchezaji hupewa alama, na tofauti ya alama kati ya wawili hutabiri matokeo yao: anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya pointi wanazoshindania, na akimzidi kwa 400, takriban asilimia 91. Mnyonge akishinda huchota alama nyingi. Mwenye nguvu akishinda huambulia chache.

Mfumo wa TrueSkill, ambao Microsoft iliutumia katika kifaa chake cha michezo, Xbox 360, tangu mwaka 2005, uliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo zima. Humwekea kila mtu namba mbili, yaani makisio ya uwezo wake na kiasi cha mashaka ambayo mashine inayo juu ya makisio hayo. Kwa kawaida mgeni huanza na makisio ya 25 na mashaka ya 8.33, na kwa kuwa mashaka huzidishwa kwa tatu kisha hutolewa kwenye makisio, huonekana ana 0. Sifuri hiyo ni ya mashine kutomjua bado. Kadiri anavyocheza mashaka hupungua, na kwa sababu mwanzoni ni makubwa, mechi chache tu zinatosha kumsogeza mbali, juu au chini, hadi afike kwa watu wanaolingana naye.

Sasa mtazameni yule mwenye akaunti ya kuazima. Mashine inaamini inamjua vizuri, kwa hiyo kila anapofungwa humshusha kidogo sana, na kesho yake humrudisha mbele ya watu wale wale wanaomzidi mbali. Anaangushwa kabla hajaona alikosea wapi. Kufungwa nusu ya mechi humpa mtu mengi ya kulinganisha. Kufungwa tisa kati ya kumi humfundisha kukata tamaa tu.

Hesabu hizi hazifanani katika kila mchezo, na kampuni nyingi huficha zao. Katika Free Fire, mchezo wa kufyatuliana risasi ambao ndio unaopendwa chumbani kwangu kwa kuwa unakubali hata simu za bei nafuu, watu 50 hushuka kisiwani na hubaki mmoja. Hata kama wote wangelingana kabisa, kila mmoja angeshinda kwa wastani mara moja katika mechi 50. Ndiyo maana nimewakataza wageni kuhesabu ushindi. Badala yake wanaandika daftarini mahali waliposhukia, upande risasi ilikotoka, na silaha waliyokuwa nayo mkononi, na kwa mechi ishirini za kwanza ninawataka washukie mahali pamoja tu. Wengine huniona mkaidi. Lakini anayebadilisha mahali kila mara hawezi kujua kama amekosea yeye au ni ugeni wa mahali, ilhali mwenye daftari hufika ukurasa wa tatu akagundua mwenyewe kwamba kila mara alipigwa akikimbia uwanjani pasipo na pa kujikinga.

Umbali hadi ilipo kompyuta ya mchezo nao una sehemu yake, ingawa husingiziwa kupita kiasi. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka kwetu hadi Johannesburg na kurudi ni milisekunde 16 hivi, hadi Paris na kurudi ni zaidi ya 70, na kwa kweli huwa zaidi kwa sababu nyaya hazinyooki na mitambo ya njiani huchelewesha. Kero kubwa zaidi ni umeme unaokatika jioni na kuzima ruta katikati ya mechi, kwa kuwa michezo mingi humwadhibu anayetoweka. Saa hizo tunacheza mechi zisizo za daraja.

Yaya naye nampa kazi. Akaunti yake airudishe kwake, aketi nyuma ya mdogo wake, na asiseme neno hadi mechi iishe, kwa maana akimwambia “geuka kushoto,” mdogo atageuka, na daftarini hatakuwa na la kuandika.