Kura ya mfukoni: lini ugumu wa maisha huiangusha serikali, na lini hauiangushi

Kura ya mfukoni ni kura ambayo mpiga kura anaipiga baada ya kujiuliza hali ya kipato na bei imekuwaje tangu walioko madarakani waingie. Ikiwa imekuwa nzuri, anawaongezea muda. Ikiwa mbaya, anawaondoa. Itikadi, kabila, dini na sura ya mgombea havipotei, ila vinakaa nyuma ya swali hilo.

Isichanganywe na kununuliwa kura. Anayepewa kanga, chumvi au buku tano ili ampigie fulani hajapiga kura ya mfukoni kwa maana hii. Amepokea takrima, ambayo Mahakama Kuu ya Tanzania ilishaitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Takrima inamalizika siku ileile. Kura ya mfukoni inaangalia miaka.

Mtu aliyeko Mbeya au Songwe hana haja ya kwenda mbali kuiona ikifanya kazi, kwa kuwa amekaa kati ya mipaka miwili. Upande wa Kasumulu kuna Malawi. Huko kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 Novemba 2023. Dola zikaadimika, foleni za mafuta zikawa jambo la kawaida, na kufikia 2025 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 25. Tarehe 16 Septemba 2025 wananchi wakapiga kura. Rais Lazarus Chakwera alipata takriban asilimia 33, na Peter Mutharika, ambaye Chakwera alimshinda mwaka 2020, akarudi kwa karibu asilimia 57. Chakwera alikuwa na maelezo ya kutosha: kimbunga Freddy cha Machi 2023, ukame uliofuata, bei za dunia. Maelezo yale hayakuwa ya uongo. Hayakumsaidia tu.

Upande wa Tunduma ndiko kwenye somo zuri zaidi, kwa sababu Zambia ilipiga kura mara mbili uchumi ukiwa hoi, na majibu yakawa tofauti. Mwaka 2016 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, umeme ulikuwa wa mgawo, na mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 20. Rais Edgar Lungu akashinda, ingawa kwa unyoya: asilimia 50.35 dhidi ya 47.63 za mpinzani wake Hakainde Hichilema. Mwaka 2021 mfumuko ulikuwa zaidi ya asilimia 24, na nchi ilikuwa imeshindwa kulipa riba ya deni lake la nje Novemba 2020. Safari hii Hichilema akapata asilimia 59 na Lungu akabaki chini ya 39. Wagombea wakuu ni walewale, maisha ni magumu mara zote mbili. Kilichobadilika ni nini?

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yetu, ni nani wa kulaumiwa. Mwaka 2016 Lungu alikuwa Ikulu kwa mwaka mmoja na nusu tu, baada ya kifo cha Rais Michael Sata, na angeweza kunyoosha kidole kwenye soko la shaba na kina cha maji ya bwawa la umeme la Kariba. Miaka mitano baadaye madeni yalikuwa na jina lake. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakifuatilia uchaguzi: wanadhani ugumu wa maisha peke yake unatosha. Hautoshi. Sharti la kwanza ni kwamba mpiga kura aweze kuufuata ugumu huo hadi kwenye mlango wa mtu fulani.

Sharti la pili ni muda. Watafiti wa siasa katika nchi nyingi wameona kwamba mpiga kura anakumbuka zaidi mwaka wa mwisho kabla ya uchaguzi kuliko miaka mitatu ya mwanzo. Kwetu Tanzania mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8 Desemba 2011, sukari na unga vikawa gumzo la nchi nzima. Lakini kufikia Oktoba 2015 ulikuwa umerudi takriban asilimia 6. Upinzani ulifanya vizuri kuliko wakati wowote katika mbio za urais tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Edward Lowassa akitangazwa na asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za John Magufuli, na chama chake, Chadema, kikabaki na majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini. Hata hivyo ile hasira ya 2011 haikuwa tena mezani kwa ukali wake.

Sharti la tatu ni kwamba awepo wa kupewa kura hiyo, na kanuni ya ushindi ina uzito mkubwa hapa. Malawi na Zambia zote zinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura; Malawi ilifika huko kwa uamuzi wa mahakama wa mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mutharika aliingia Ikulu kwa asilimia 36.4 tu. Tanzania bado inatumia wingi wa kura: Ibara ya 41 ya Katiba inampa urais aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata kama hazifiki nusu. Maana yake, wapinzani wawili wakigawana kura za waliochoshwa na bei, aliyeko madarakani anapita katikati yao bila duru ya pili. Na kama chama kikuu cha upinzani hakimo kwenye karatasi, kama Chadema ilivyokosekana kwenye mbio za urais za Oktoba 2025, basi ile asilimia 97.66 aliyotangaziwa Rais Samia Suluhu Hassan haiwezi kusomwa kama hukumu ya wananchi juu ya bei ya unga, wala nzuri wala mbaya. Kipimo kinahitaji sahani mbili.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu zaidi watu wa nyanda za juu kusini, ambalo wachambuzi wa Dar es Salaam hulipita haraka: mfuko si mmoja.

Bei ya mahindi ikipanda, anayenunua unga sokoni Mwanjelwa, Mbeya, analia. Mkulima wa Mbozi mwenye magunia arobaini ghalani anacheka. Ikishuka, wanabadilishana nafasi. Juni 2017 serikali ilipozuia mahindi kusafirishwa nje bila kusagwa, mlaji wa mjini alipata nafuu. Mkulima wa Mbozi, Sumbawanga na Songea aliuza kwa bei ya kutupa. Ni uamuzi mmoja, mwezi mmoja, na mifuko miwili ikasomewa hesabu tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia "hali ni mbaya, watu watapiga kura ya hasira", muulize kwanza: watu gani, wanauza au wananunua? Na wapo wanaofanya yote mawili. Mkulima mdogo mwenye shida ya ada ya shule anauza Julai bei ikiwa chini, halafu Februari anarudi sokoni kununua chakula kilekile bei ikiwa juu. Huyu ndiye anayeumia pande zote, na uchaguzi wa Oktoba unamkuta katikati, akiwa na fedha kidogo ya mavuno huku akiwaza mbolea ya msimu unaokuja.

Kipimo chake halisi si bei ya mahindi wala bei ya mbolea peke yake. Ni kilo ngapi za mahindi zinanunua mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50. Tuseme mbolea ya kupandia ni shilingi 70,000. Mahindi yakiwa shilingi 700 kwa kilo, anatoa kilo 100, yaani gunia moja. Yakiwa shilingi 350, anatoa magunia mawili kwa mfuko uleule, na hapo hajagusa ya kukuzia. Bei ya mbolea haijapanda hata senti, lakini kwake imepanda maradufu. Ndiyo maana ruzuku iliyozinduliwa kwenye Nane Nane ya 2022, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, ilikuwa na uzito wa kisiasa: DAP, mbolea ya kupandia, ilitoka zaidi ya shilingi 130,000 hadi 70,000. Lakini ruzuku inashika upande mmoja tu wa hesabu. Bei ya mazao ikianguka, nafuu yake inamezwa, na mgombea anayetaja ruzuku tu bila kutaja soko amesoma nusu ya ukurasa.

Kwa chai ya Rungwe na Mufindi, au kahawa ya Mbozi, lawama ni ngumu zaidi kuibandika, kwa sababu bei inaamuliwa kwa sehemu kubwa nje ya nchi. Mpiga kura wa huko huwa anahukumu yale ambayo serikali inayagusa moja kwa moja: barabara ya kutolea mazao, makato, malipo kuchelewa. Vivyo hivyo mfanyabiashara wa ndizi na mchele wa Kyela, Malawi ilipozuia bidhaa hizo Machi 2025. Maumivu yalitoka Lilongwe, lakini swali likaelekezwa Dodoma: mnatufanyia nini? Tanzania ilijibu kwa zuio lake mwezi uliofuata, likaondolewa baada ya siku chache.

Neno linalopotosha kuliko yote majukwaani ni kwamba "mfumuko wa bei umeshuka". Mfumuko ni kasi ya kupanda, si bei yenyewe. Chukua debe la mahindi la shilingi 10,000. Mwaka wa kwanza bei inapanda kwa asilimia 20, linakuwa 12,000. Mwaka wa pili inapanda kwa asilimia 4, linakuwa 12,480. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 4, msemaji wa serikali hajadanganya, na mama lishe wa Soweto hapa Mbeya aliyenunua kwa 12,480 naye hajadanganya anaposema bei haijashuka. Wakibishana, wanabishana juu ya vitu viwili. Ili debe lirudi 10,000, mfumuko ungelazimika kwenda chini ya sifuri, na hali hiyo ina balaa zake kwa mkulima.

Takwimu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayotoka kila mwezi nayo ni wastani wa kapu la nchi nzima, lenye bidhaa na huduma 383, kuanzia chakula na kodi ya nyumba hadi vifurushi vya simu. Kaya ambayo zaidi ya nusu ya matumizi yake ni chakula itaona maisha magumu kuliko kapu linavyosema kila chakula kinapopanda kuliko vingine. Petroli na dizeli nazo, bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi na hutofautiana kwa mji. Mbeya hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Ukilinganisha ahadi ya mgombea na bei, tumia ya mji wako.

Na ukilinganisha bei ya mwaka huu na ya mwaka wa uchaguzi uliopita, hakikisha kipimo ni kilekile. Gunia la viazi la Isyonje au Njombe lililofungwa lumbesa, yaani kujazwa hadi kupita mdomo wake, linaweza kupita kilo 130, wakati gunia halali halitakiwi kuzidi 100. Ukiuza lumbesa kwa shilingi 78,000, umeuza kilo kwa 600. Gunia la kilo 100 kwa bei hiyohiyo lingekupa 780 kwa kilo. Mtu anaweza kuapa kwamba bei ya gunia imepanda chini ya serikali fulani, kumbe kilichopanda ni kichwa cha lumbesa. Gawa kwa kilo kwanza, ndipo uamue nani wa kumsifu au kumlaumu.