Silaha za mpigo wa sumakuumeme na afya ya binadamu: maswali na majibu

Kila habari za vita zinapopamba moto, watu huniuliza kuhusu "bomu la kuzima umeme". Wengi huanza na hofu ya mionzi na saratani. Hofu yangu mimi iko kwingine: kwa mgonjwa ambaye pumzi yake inategemea waya uliochomekwa ukutani.

Silaha hii ni kitu gani hasa?

Ni silaha inayoachia mawimbi makali ya sumakuumeme kwa ghafla, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mawimbi hayo yakikuta nyaya za umeme, laini za simu au antena, huamsha humo umeme mwingi ambao hukimbilia kwenye vifaa na kuviunguza. Kuna ya nyuklia, yaani bomu linalolipuliwa juu sana angani, na athari yake yaweza kufunika nchi nzima. Nyingine haihitaji nyuklia: hurusha mawimbi ya mikrowevu yenye nguvu kubwa kwenye jengo, rada au kundi la droni. Hii ya pili ndiyo inayoyavutia majeshi siku hizi, kwa kuwa inaweza kuangusha droni nyingi kwa mpigo mmoja bila kumaliza makombora.

Imewahi kutumika?

Ya nyuklia imejaribiwa. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 hivi juu ya kisiwa cha Johnston, bahari ya Pasifiki. Huko Honolulu, mji wa Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika na ving'ora vya kuzuia wezi vikalia. Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walilipua bomu lao juu ya Kazakhstan, na laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 hivi ikaharibika. Mkataba wa 1963 ukapiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, anga za juu na chini ya maji. Vifaa vingi vya wakati ule vilitumia vali za kioo, yaani vichupa visivyo na hewa vilivyofanya kazi ya chipu, ambazo ni sugu. Chipu za leo ni laini mno kwa kishindo kama hicho.

Je, mpigo wenyewe unaudhuru mwili?

Kwa kawaida, hapana. Hauna nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama ifanyavyo mionzi ya eksirei, na hupita upesi mno kuweza kupasha nyama joto. Usiku ule wa 1962 watu wa Honolulu walikuwa nje wakitazama anga likibadilika rangi. Mpigo uliozima taa uliwapitia na wao.

Jicho ndilo la kuchunga. Katika jaribio jingine la Oktoba 1962, wanajeshi wawili waliokuwa kisiwani Johnston waliungua retina kwa kuangalia mwanga wa mlipuko bila kinga. Ukiona mwako wa ajabu angani, usiukodolee macho.

Nina pesimeka kifuani, mashine ndogo ya kuuendesha moyo. Itazimika?

Mpigo hupenda waya mrefu, na nyaya za pesimeka ni fupi, tena mashine yenyewe imefungwa ndani ya kasha la titani. Kwa mtu aliye mbali hatari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ingawa siwezi kusema hivyo kwa aliyesimama jirani kabisa na silaha ya mikrowevu. Betri yake iko ndani na hudumu miaka, kwa hiyo umeme wa gridi kukatika hakuisimamishi. Ukisikia kizunguzungu au kuzimia baada ya tukio kama hilo, nenda ukapimwe.

Basi nani anakufa?

Anayekosa huduma, na kifo chake mara nyingi hakiandikwi kuwa cha vita. Mfano ninaourudia si wa silaha, ni wa kimbunga Maria kilichoipiga Puerto Rico, kisiwa cha Karibea, mwaka 2017. Umeme ulikosekana kwa miezi mingi. Hadi mwisho wa mwaka huo hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa watu 64. Mwaka uliofuata, baada ya uchunguzi wa vifo vya ziada, yaani vilivyozidi idadi ya kawaida, ikawa 2,975. Wengi wao walikuwa wazee na wagonjwa. Mpigo ukiunguza transfoma kubwa hali yaweza kuwa ngumu zaidi, maana transfoma hizo hutengenezwa kwa kuagizwa na huchukua muda mrefu kupatikana.

Mama yangu anatumia mashine ya oksijeni nyumbani. Tufanye nini?

Wekeni mtungi wa akiba na mjifunze kuubadilisha mkiwa gizani. Mashine ikikosa umeme, mngurumo hukatika na kengele yake hulia. Hapo mmoja ashike tochi, mwingine afungue vali na kuhamisha mpira, na mama aketi wima bila kuongea. Pigeni hesabu mapema: mtungi wa lita 680, ukitoa lita 2 kwa dakika, unaisha baada ya saa 5 na dakika 40. Huo ndio muda mlio nao wa kumfikisha hospitali, kwa hiyo msisubiri mshale wa geji uguse nyekundu.

Na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine?

Wengi husafishwa mara tatu kwa wiki. Akikosa zamu, potasiamu na maji hujaa mwilini na moyo unaweza kusimama. Mwombe daktari wake sasa hivi orodha ya chakula cha dharura: maji kidogo, chumvi kidogo, ndizi na matunda mengine yenye potasiamu nyingi yaachwe.

Friji ikizimika, insulini nitupe?

Usitupe. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, lakini insulini nyingi huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki nne hivi. Iweke kwenye chungu cha udongo kilicho ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati ujaze mchanga na kuulowesha maji kila siku. Usiigandishe kwenye barafu.

Jenereta je?

Iwe nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Moshi wa vyote viwili una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mtu akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu, mtoeni nje kwanza, jenereta mtaizima baadaye.