Maneno ya uraibu: kutoka utomvu wa mpopi hadi dirisha la methadoni

Andika maneno haya mawili kwenye karatasi: mteja, teja. Wingi wa la kwanza ni wateja, wa la pili ni mateja. Kiambishi kimoja kimeng'olewa, na mtu aliyekuwa ngeli moja na mgonjwa na muuguzi amejikuta kundi moja na mawe na magunia. (Ni kweli daktari naye wingi wake ni madaktari, ila yeye hakunyang'anywa m- yake.) Mwanafunzi wa afya anaweza kudhani hayo ni ya darasa la lugha. Lakini mgonjwa akishaitwa teja pale mapokezini, ukimuuliza dakika kumi baadaye anatumia kete ngapi za heroini kwa siku, atakujibu "moja moja tu", na dozi utakayompangia itajengwa juu ya uongo huo. Andika mraibu, au mtumiaji wa dawa za kulevya. Kwenye kliniki za methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, anaitwa mteja, na m- yake imerudi mahali pake.

Neno uraibu lenyewe lina historia ya utamu. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilitaja tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, kitu cha kumkirimu mgeni. Walatini wao walilichukua neno lao mahakamani. Addicere ni kutamka rasmi kwamba kitu kimekuwa mali ya fulani, na addictus alikuwa mdeni aliyekabidhiwa kwa mtu anayemdai. Sheria za Kirumi za Mbao Kumi na Mbili, za karne ya 5 kabla ya Kristo, zilimruhusu mdai kumfunga mdeni wake siku 60 akisubiri kulipwa. Yashike yote mawili: jambo huanza kama tambuu na huishia kama deni. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unatafuta mambo matatu. Mtu ameshindwa kujizuia. Kilevi kimetangulia mbele ya kazi, familia na afya. Mwili umezoea, kwa kuhitaji zaidi au kuugua anapokosa. Mawili kati ya hayo, kwa kawaida ndani ya miezi 12, yanatosha kuitwa utegemezi.

Ndiyo maana mgonjwa wa saratani anayemeza mofini na kutetemeka akiikosa si lazima awe mraibu. Mwili wake umezoea, lakini dawa haijatangulia mbele ya maisha yake, imemrudishia maisha. Wanafunzi wengi wanaiogopa mofini kwa sababu ya heroini, na anayelipa hofu hiyo kwa maumivu ni mgonjwa. Uganda iliamua mapema: mofini ya maji ya kunywa inatengenezwa nchini, na tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika.

Ukoo mzima wa dawa hizi umetoka kwenye tone moja. Wagiriki waliuita utomvu opos, na ule mchache unaotoka kwenye tunda la mpopi likichanjwa wakauita opion. Waarabu wakasema afyun, sisi tukasema afyuni. Pwani walikuwa na jina jingine, kasumba, ambalo siku hizi tunalijua zaidi kama kasumba ya kikoloni: fikra iliyomlevya mtu asijione. Kodeini inatokana na kodeia, kichwa cha mpopi. Mofini aliitenga mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Kiishio -oid ni "chenye sura ya", kwa hiyo opioidi ni chochote kinachofanya kazi kwa sura ya afyuni, hata kama kimetoka kiwandani na hakijawahi kuuona mpopi. Tramadoli imo. Methadoni imo. Anayekuambia "mimi situmii unga, natumia tramadoli tu" ametaja tawi la mti uleule.

Heroini ndiyo yenye jina la aibu kuliko yote. Kemikali yake ilitengenezwa London mwaka 1874 na C. R. Alder Wright, ikaachwa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza tena, na mwaka uliofuata kampuni ikaiuza kama dawa ya kikohozi. Jina lilitokana na heroisch, neno la Kijerumani lenye maana ya kishujaa, na wauzaji waliamini haina uraibu kama wa mofini. Ukweli ni kinyume chake. Vile vichembe viwili vya asetili vilivyopachikwa kwenye mofini vinaifanya ipenye ubongoni haraka, kisha mwili unaigeuza kuwa mofini tena. Kasi hiyo ndiyo inayomnasa mtu. Kidonge kinachopanda polepole humnasa polepole. Sindano ya mshipa hulipa papo hapo.

Dawa, kwa Kiswahili, inaua panya na inatibu malaria. Pharmakon ya Kigiriki ilikuwa hivyohivyo, tiba na sumu kwa neno moja. Andika "dawa za kulevya", si "madawa", maana ndivyo ilivyo kwenye jina la mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya Tanzania ya 2015.

Sasa saa. Heroini ikikatika, dalili za arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya mara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na nyingi huisha ndani ya wiki. Utaona miayo isiyokoma, kamasi, machozi, vipele vya baridi, mboni zilizotanuka, tumbo la kuhara. Kwa hiyo swali la "mara ya mwisho ulitumia lini" ndilo linalobeba historia nzima, na hapo kuna mtego wetu sisi wenyewe. Mgonjwa anasema "jana saa mbili usiku". Mwanafunzi anaandika 2 usiku. Zamu inayofuata inasoma saa nane za usiku. Saa sita zimepotea, na mtu aliyekaa saa 12 bila kutumia anaonekana amekaa sita, miayo yake inaitwa maigizo. Andika 20:00. Kisha uliza anavuta au anajidunga, kama anavuta kokteli ya unga na bangi, amechanganya na valiamu au pombe, na anatumia shilingi ngapi kwa siku, kwa sababu kete haina uzito wa kudumu.

Arosto ya heroini inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya na maji ya kutosha ni nadra kuua. Inayoua ni ya pombe, na wanafunzi huyapindua haya mawili kila mwaka. Degedege huja kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kwa mtetemeko huja siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo madaktari huiita delirium tremens. Delirare ni neno la mkulima: de, kutoka, na lira, tuta. Ng'ombe wa jembe ametoka nje ya tuta. Mgonjwa aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, wodi imetulia, siku ya tatu anaanza kuokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka: hajarogwa na si lazima awe na malaria ya kichwani. Muulize ndugu yake kuhusu gongo. Mtu wa namna hii anahitaji diazepamu kwa maelekezo ya daktari, na apewe thiamini (vitamini B1) kabla au pamoja na glukosi, si glukosi peke yake, maana sukari inamaliza akiba ndogo ya thiamini iliyobaki na ubongo unaweza kudhurika usirudi.

Turudi kwenye methadoni, kwa sababu wengi wenu mtapangiwa huko. Kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Mauritius, kisiwani, ilitangulia. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Kenya ilianzia Mathari mwishoni mwa 2014. Kazi ya dirishani inaonekana nyepesi. Mteja anatajwa jina, anakunywa kikombe chake mbele yako, anakunywa maji, anasema neno. Neno hilo si adabu tu. Aliyeficha dawa mdomoni hawezi kuongea sawasawa.

Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 20 hadi 30, nayo inapandishwa kwa siku nyingi. Mwanafunzi mwenye huruma huona mteja bado anapiga miayo jioni na kutaka aongezewe. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo ya leo inakuta nusu ya jana bado imo, na ya kesho inazikuta zote mbili. Dozi isiyobadilishwa hata kidogo inaendelea kupanda ndani ya damu kwa siku kadhaa. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kumtazama kwa jicho kali. Ukimkuta anasinzia dirishani, hapewi mpaka daktari amwone. Na aliyekosa siku tatu mfululizo hapewi dozi yake ileile kana kwamba hakuna lililotokea.

Kosa jingine linahusu kifua kikuu. Mteja ametulia miezi kwa miligramu 80, amegundulika na TB, ameanza rifampisini. Wiki moja au mbili baadaye amerudi na kamasi na maumivu ya viungo, anasema dawa haifiki usiku. Rahisi kumshuku kwamba anaitema na kuiuza. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huichoma methadoni haraka mno. Efavirenzi, dawa ya VVU, hufanya vivyo hivyo. Anahitaji kuongezewa, na ukimnyima atarudi kwenye kete au ataacha dawa za TB. Siku rifampisini ikikoma, ini litatulia, na dozi ile iliyoongezwa itakuwa kubwa kupita kiasi. Ipunguzwe taratibu. Tarehe ya kumaliza TB iandikwe kwenye jalada la methadoni kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu wanaotibu TB na wanaotoa methadoni mara nyingi hawako chumba kimoja.

Neno lenye hatari kubwa ni tolerance, linalotokana na tolerare, kubeba. Mwili umebeba mzigo wa dawa hadi ukauzoea. Baadhi yetu tunasema usugu. Ni heri kusema ustahimilivu, tusichanganye na usugu wa vimelea, ambapo anayebadilika ni kidudu. Ustahimilivu unapotea haraka. Aliyetoka gerezani, au nyumba ya upataji nafuu, au wodini, akijidunga kiasi alichokuwa akijidunga zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Relapse, yaani kurudia kutumia, kwa Kilatini ni kuteleza tena, labi ikiwa ni kuteleza. Anayetoka huko aambiwe wazi, mbele ya ndugu: ukiteleza, kiasi chako cha zamani sasa ni sumu.

Aliyezidisha hujulikana kwa ishara tatu: haamki, anapumua chini ya mara 12 kwa dakika, na mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Mpigie kelele, msugue mfupa wa kifua. Asipoitika, ita msaada, inua kidevu, mpe pumzi moja kila sekunde tano. Pumzi kwanza, kwa kuwa kinachomuua ni kukosa oksijeni. Kisha naloksoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja au bega, endelea kupuliza, na baada ya dakika mbili au tatu rudia kama pumzi haijarudi. Unachotafuta ni apumue, si aamke na kuongea. Ukimpa nyingi kwa mkupuo unamtupa kwenye arosto kali, atatapika, atagombana na wewe na atatoroka kwenda kutafuta kete. Naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, ilhali methadoni inabaki, hivyo anaweza kuzama tena akiwa amelala vizuri ubavuni. Maziwa, maji ya baridi na sindano ya chumvi, dawa za vijiweni, zinapoteza dakika tu.

Stadi za maisha Shirika la Afya Duniani lilizitaja kumi miaka ya 1990, na mtihani wake kwa mwanafunzi wa afya unafanyika mbele ya kabati la dawa. Mtu wa zamu anayekuzidi umri anasema, "Dogo, nitolee tramadoli mbili, mgongo unaniua, kesho narudisha." Jibu liwe fupi: "Kaka, bila cheti siwezi kutoa. Twende kwa daktari wa zamu akuandikie, nakusindikiza." Kuna katazo, kuna kanuni isiyomdhalilisha, kuna njia ya kupita. Ukimwambia zimeisha, kesho atarudi. Ukimwambia "ngoja nione", umeshakubali. Na wewe mwenyewe unayemeza tramadoli ili kukesha na kusoma, jua kwamba ikizidi miligramu 400 kwa siku huongeza hatari ya degedege, na ukiichanganya na fluoksetini, dawa ya sonona, inaweza kuja mapema zaidi.

Kwenye kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria, wizi huanzia kwenye mabaki. Ampuli ya mofini ina miligramu 10, mgonjwa ameandikiwa 5. Tano zilizobaki zisikae kwenye bomba "kwa ajili ya usiku". Mwenzako aone ukivuta, aone ukimpa mgonjwa, aone ukimwaga, na msaini wote wawili palepale, siyo mwisho wa zamu. Wino tu. Ukikosea tarakimu, piga mstari mmoja juu yake isomeke bado, andika tarakimu iliyo sahihi chini, na mwenzako asaini na hapo.