Darubini ya inchi 8: namba hiyo inapima nini?

Mgeni akipanda juu ya paa la chuo kikuu usiku wa kutazama nyota, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Hii inakuza mara ngapi?" Mwanafunzi aliye zamu humjibu kwa inchi au milimita, na mgeni huona amekwepwa. Hajakwepwa. Darubini hutambulishwa kwa kipenyo, yaani upana wa lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Inchi 8 ni milimita 200 hivi.

Ukuzaji ni jambo la kubadili lenzi ya kuchungulia. Darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo au lenzi yake hadi mahali mwanga unapokutana kuwa picha) wa milimita 2,000 ukiiwekea lenzi yenye fokasi ya milimita 20 inakuza mara 100, yaani 2,000 gawanya kwa 20. Weka ya milimita 10, inakuza mara 200. Lakini mwanga ulioingia ni uleule, sasa umetandazwa mahali papana zaidi, kwa hiyo picha inafifia. Boksi la darubini ya milimita 60 likiandikwa "mara 600" kwa herufi kubwa, mimi huipita bila kugeuka. Kwa upana huo, ukivuka mara 120 hivi unakuza ukungu tu.

Kipenyo chenyewe hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya mwanga. Mboni ya kijana hutanuka gizani hadi milimita 7 hivi, na kwa kuwa eneo hukua kwa mraba, kioo cha milimita 200 hukusanya mwanga mara 800 kuliko jicho tupu. Kazi ya pili ni kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Hapa kipimo ni sekunde ya tao, sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi. Kioo cha milimita 200 kinaweza kutenganisha nyota mbili zilizoachana kwa takriban nusu sekunde.

Kinaweza, paa likiruhusu. Zege hushiba joto mchana kutwa na kulitoa usiku, hewa ya moto inapanda mbele ya darubini, na nyota inachezacheza kama barabara ya lami inavyoonekana kwenye jua kali. Badala ya nukta unapata doa la sekunde 2 au 3. Katika hali hiyo darubini yenye kioo kipana mara mbili ingekuongezea mwanga, si undani. Ndiyo maana darubini ndogo juu ya paa si jambo la kuonea haya. Na jengo lenyewe halitulii: mtu akitembea karibu, sayari ya Mshtarii (Jupita) inaruka ndani ya lenzi. Wajenzi makini huisimamisha darubini juu ya nguzo iliyoshikana na mihimili ya jengo, kisha sakafu ya kusimamia watu haiigusi nguzo hiyo.

Taa za mji ni shida nyingine, na kipenyo hakiitibu, maana mwanga wa taa nao unakusanywa. Galaksi hafifu humezwa. Mwezi, sayari na nyota pacha hazijali sana.

Utajiri wa darubini hizi, kwa maoni yangu, uko kwenye kupima mwangaza. Kamera hupiga nyota unayoitaka pamoja na jirani zake katika picha moja, nawe unailinganisha nazo; utando mwembamba wa wingu ukipita, huzififisha zote karibu sawasawa, na ulinganisho unabaki. Hata hewa inayocheza haiumizi sana. Wapo wanaoharibu fokasi makusudi ili mwanga wa nyota usirundikane kwenye nukta chache za kamera. Mwaka 1999 David Charbonneau, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, na wenzake walitumia darubini ya sentimita 10 tu kupima nyota HD 209458. Mwangaza wake ulishuka kwa takriban asilimia 1.5, kisha ukarudi: sayari ilikuwa imepita mbele yake. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona tukio hilo nje ya mfumo wetu wa Jua.

Tarehe 21 Januari 2014, katika kituo cha kufundishia cha Chuo Kikuu cha London (hakiko juu ya paa, lakini darubini zake ni za aina hii), mawingu yaliharibu somo la vitendo. Mwalimu, Steve Fossey, akaamua kuwaonyesha wanafunzi wanne jinsi ya kutumia kamera ya darubini ya sentimita 35. Wakailenga galaksi ya M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, na ndani yake kulikuwa na nyota ambayo haimo kwenye picha za zamani. Ilikuwa supanova, nyota iliyolipuka, na leo inaitwa SN 2014J.