Je, wajua kwa nini dozi ileile humlemea mmoja na mwenzake haimsumbui?

Watu wawili wenye uzito sawa humeza kidonge cha aina moja kabla ya kulala. Mmoja anaamka mzima. Mwingine anaamka na kizunguzungu, baada ya usiku mzima wa jinamizi. Mara nyingi chanzo cha tofauti hiyo ni ini.

Ndani ya ini kuna kundi la vimeng'enya viitwavyo saitokromu P450. Vimeng'enya hivi hubadilisha kemikali ngeni, dawa zikiwemo, ili mwili uweze kuzitoa. Maelekezo ya kuviunda yamo kwenye jeni, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Herufi moja tu ya jeni ikibadilika, kimeng'enya kinaweza kufanya kazi polepole, au kisifanye kabisa.

Collen Masimirembwa, mwanabiokemia wa Zimbabwe, ametumia maisha yake ya kazi kuvichunguza vimeng'enya hivi katika miili ya Waafrika. Alisoma Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kisha akaendelea katika Taasisi ya Karolinska, Uswidi. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha habari za CYP2D6*17, aina ya jeni ya CYP2D6, kimeng'enya kimojawapo cha kundi hilo, inayokifanya kifanye kazi kwa uvivu. Wazimbabwe wengi wanayo. Kwa Wazungu ni nadra mno. Nauthamini sana ugunduzi huo, kwa sababu maabara zinazowapima Wazungu peke yao zisingeufikia hata zingekesha: huwezi kuikuta jeni kwa watu wasio nayo.

Baadaye alifanya kazi AstraZeneca, kampuni kubwa ya dawa, hukohuko Uswidi. Angeweza kubaki. Badala yake, mwaka 2002 alianzisha AiBST, taasisi ya utafiti wa tiba jijini Harare.

Uzito wa kazi yake ulionekana wazi kwenye efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU iliyotumika miaka mingi Zimbabwe, Tanzania, Kenya na kwingineko. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa miligramu 600 kwa siku. Efavirenzi huvunjwavunjwa hasa na kimeng'enya kingine, CYP2B6. Takribani Mzimbabwe mmoja kati ya watano amerithi kwa wazazi wote wawili nakala ya jeni inayokidhoofisha. Kwa mtu huyo, dawa ni kama maji yanayomiminwa kila usiku kwenye pipa lenye tundu dogo la kutolea: hayajaisha ya jana, ya leo yameingia. Dawa ikijaa kwenye damu, hufika hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo huja maruweruwe, huzuni nzito na usingizi wa mang'amung'amu.

Mwaka 2008 timu ya Masimirembwa ilichapisha matokeo yake na kupendekeza dozi ipunguzwe kwa wenye jeni hiyo. Hata hivyo, Zimbabwe ilipoifanya efavirenzi kuwa dawa ya kuanzia tiba ya VVU mwaka 2015, ilitoa miligramu 600 zilezile kwa kila mtu. Malalamiko yakaja, na wapo wagonjwa walioacha dawa. Hili linaniuma, kwa sababu onyo lilikuwa limetoka Harare yenyewe miaka saba kabla. Tena mwaka 2014 jaribio la kimataifa la ENCORE1 lilikuwa limeonyesha kuwa miligramu 400 hudhibiti virusi sawasawa na 600. Leo nchi nyingi zimehamia dolutegraviri, dawa nyingine ya kufubaza VVU.

Usidhani kimeng'enya chenye kasi ndicho salama siku zote. Kodeini, dawa ya maumivu, haina nguvu kubwa mpaka CYP2D6 iigeuze kuwa mofini. Utafiti mwingine wa mwaka 1996 ulikuta kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Mtu wa aina hiyo anaweza kutengeneza mofini nyingi kwa haraka, kiasi cha kuhatarisha upumuaji wake. Mwenye CYP2D6*17 yuko upande wa pili: kwake kodeini inaweza isitulize maumivu inavyotarajiwa.

Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, nayo huitegemea CYP2D6 ili iwe na nguvu kamili. Ndiyo maana watafiti wa Afrika sasa wanachunguza kama wanawake wenye CYP2D6*17 wanahitaji dozi kubwa zaidi. Kwa sasa, anayesumbuliwa na dawa yoyote amweleze daktari wake mapema, asipunguze vidonge wala kuviacha kwa uamuzi wake mwenyewe.