Kumshuhudia Kristo Uganda bila kuvunja ujirani: dhana potofu na ukweli

“Kuvumiliana ni kunyamaza kuhusu imani yako.”

Sivyo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 7, inasema nchi haitakuwa na dini ya serikali, na ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kufuata dini yake na kuionyesha. Haki inayokulinda wewe unapomtaja Yesu ndiyo inayomlinda jirani Mwislamu anapoadhini. Watu wasiojua mwenzao anaamini nini hawana cha kuvumiliana, wanapishana tu.

“Ujasiri ni sauti kubwa.”

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Spika inaelekezwa barabarani alfajiri, au mhubiri anasimama ndani ya basi la Kampala kwenda Arua, na abiria hana pa kushukia. Anayelazimishwa kusikia huacha kusikiliza, na huo mlango huenda usifunguke tena kwa Mkristo mwingine. Tena kuna kanuni za kelele za mwaka 2003, zinazoshusha kiwango cha sauti usiku na kuyahusu makanisa pia.

Ujasiri wenyewe ni kumtaja Kristo waziwazi kwa mtu mmoja anayekutazama usoni. Andaa ushuhuda wa dakika tatu: maisha yako yalikuwaje, ulimwaminije Yesu, nini kimebadilika. Ondoa lugha ya kanisani. “Nimeoshwa kwa damu” humshtua asiyeizoea, sema “Mungu alinisamehe kwa sababu Yesu alikufa kwa ajili yangu.” Ukimaliza, uliza: “Wewe unaonaje?” Kisha nyamaza kweli, umsikilize. Wengi hukosea hapa: huuliza halafu hujijibu wenyewe. Akitaka zaidi, someni Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, na sura moja kwa wiki inatosha.

“Lazima kwanza ubomoe dini ya mwenzako.”

Paulo alipofika Athene aliudhika kuona sanamu, lakini alianza na madhabahu yao wenyewe na akanukuu washairi wao. Hakuficha ufufuo, wala hakuwatukana. Kwa Uganda kuna pia sheria: kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu ni kosa la jinai. Usinukuu Korani usiyoisoma. Utasahihishwa mbele za watu, na ujumbe utapotea kwenye ubishi. Ukikaribishwa kwa Mwislamu, mwanamume aongee na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Biblia usiiweke sakafuni wala chini ya kiti, maana yeye kitabu chake hukiweka juu, na atakuhukumu kwa unavyokitendea chako. Jioni ya Ramadhani usiende na mafundisho karibu na futari.

“Msaada ni chambo kizuri.”

Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali, ambako Wakongomani wengi huongea Kiswahili, tamaa hii ni kubwa. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za 1994, zinakataa msaada utumike kuendeleza msimamo wa dini. Sisi pia tunapaswa kukataa. Anayekiri imani ili apate unga amefundishwa kusema uongo mbele za Mungu. Gawa unga siku moja, hubiri siku nyingine, na asiyekuja kwenye mahubiri apate kipimo kilekile. Kwa watoto, pata kwanza ruhusa ya mzazi.

“Mashahidi wa Namugongo walikuwa wapiganaji.”

Waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao pale Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, hawakushika silaha. Vita vya Mengo vya Januari 1892, ambapo pande hizo mbili zilipigana, ni jambo jingine kabisa. Ushuhuda tunaorithi ni ule wa Namugongo.

“Asipookoka leo, umeshindwa.”

Paulo alipohubiri Athene, wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini. Kubadilisha moyo si kazi yako. Akisema hapana, mshukuru kwa muda wake, muulize kama mnaweza kuongea siku nyingine, na akikataa usilirudie jambo hilo hadi alianzishe mwenyewe. Salamu, misiba na harusi zake uendelee kuhudhuria kama kawaida.